Mtu wa Thelathini

Ijumaa, saa nne asubuhi, Kenton, hapa London. Mvua ya jana imekatika lakini anga bado limenuna. Nimekaa jikoni, miguu yote miwili iko ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Jana nilikuwa karani wa kituo cha kura. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki tangu mlango ulipofunguliwa mpaka ulipofungwa, muda wa saa kumi na tano, na mwili huu una miaka hamsini na minane. Ukigawanya, kila mwaka wangu mmoja ulikaa dakika kumi na tano na ushei. Ndiyo maana kila mmoja unauma kivyake.

Lakini moyo umelala vizuri. Mara ya kwanza tangu tumzike Mwadime, mume wangu.

Jana nilizungumza na wifi yangu Mkawasi, dada mkubwa wa marehemu. Tulikuwa hatujasemezana karibu miaka mitano, na kutoka mlangoni kwangu mpaka kwake ni dakika nane kwa miguu. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Amesema niandike, ila niandike yote, nisijipendelee.

Haya basi.

Nianze na hasira, maana hiyo ndiyo naijua vizuri. Mnaonisoma hapa mnajua nilivyo. Nilifika nchi hii na begi moja, nikasugua vyoo vya ofisi za watu miaka tisa, na leo nina wafanyakazi kumi na wanne wanaosafisha shule na kumbi kuanzia Queensbury mpaka ng'ambo ya barabara kuu. Sikubebwa na mtu. Kilichonibeba ni kufuata utaratibu. Nilikotoka, Taita, tulikua tukisikia kashfa za wakubwa kama tunavyosikia habari za mvua: imenyesha huku, haijanyesha kule, maisha yanaendelea. Nilipofika hapa nikaona foleni. Nikaona mwalimu mkuu anapanga foleni nyuma ya mfagizi wake. Nikasema, hapa ndipo. Hapa sheria ina macho mawili, inaona juu na chini.

Niliiamini serikali ya hapa kuliko wenyeji wenyewe walivyoiamini. Walikuwa wakinicheka kazini.

Kisha ikaja korona, na Mwadime akafa mwezi ule ambao mazishi yaliruhusiwa watu thelathini tu.

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa thelathini ni nini. Kwetu thelathini ni wapishi peke yao. Nilikaa kwenye meza hii hii na kalamu nyekundu, nikaanza na majina mia na arobaini, nikakata. Nilikata binamu, nikakata kwaya nzima, nikakata majirani waliomletea uji hospitali mpaka walipozuiwa mlangoni. Nilikata kwa siku mbili. Nikafika thelathini kamili, na mimi nikiwemo, na mchungaji akiwemo. Na Mkawasi akiwemo, tena karibu kabisa na juu, kwa sababu katika ukoo wa mume wangu dada mkubwa ndiye anayesema neno la mwisho kabla ya udongo. Si mchungaji, si mjane. Dada.

Siku yenyewe Mkawasi alikuwa anatoka zamu. Anatunza wazee katika nyumba moja ya wazee, na asubuhi ile mwenzake wa kumpokea alichelewa. Mabasi mawili, baridi, barafu barabarani. Dakika tano kabla ya ibada hakuwa amefika. Mlangoni alikuwa amesimama mzee mmoja aliyefanya kazi na Mwadime miaka kumi na minane kwenye karakana ya mabasi, ameshika kofia mkononi, hata haombi, analia tu. Nikamwingiza kwenye nafasi ya wifi. Nilijiambia, akija tutaona.

Alikuja. Alichelewa dakika kumi na mbili.

Kijana wa kampuni ya mazishi pale mlangoni, mtu mpole, aliniuliza tu, mko wangapi ndani? Mimi ndiye niliyehesabu. Mimi ndiye niliyesema, thelathini. Akamtazama Mkawasi, akanitazama mimi. Ningeweza kumwomba mtu mmoja atoke. Ningeweza kutoka mimi mwenyewe. Badala yake nilimwambia wifi yangu, mbele ya jeneza la mdogo wake, "Sheria ni sheria, wifi. Nisamehe."

Alisimama kwenye maegesho ya magari, nje ya kioo, na sare yake ya kazi chini ya koti. Hata makaburini alisimama ng'ambo ya uzio. Neno la mwisho halikusemwa. Udongo uliingia kimya.

Miezi ikapita. Alinijibu simu kwa neno moja moja, lakini alijibu. Ndipo habari zikatoka kwamba kule juu kabisa, ndani ya ofisi zilezile zilizotuandikia thelathini, watu walikuwa wanakunywa na kucheka pamoja miezi ileile ya marufuku. Nilikuwa jikoni hapa nakunja nguo. Nilikaa chini. Simu yangu ikalia mlio wa ujumbe, ni Mkawasi, neno moja.

"Umeona?"

Sikumjibu. Hakuniandikia tena.

Kuanzia siku ile nikawa mtu mwingine. Kila uchaguzi, kadi yangu ya kura iliishia kwenye droo ya menyu za pizza. Na si mimi tu. Niliona kwa wafanyakazi wangu jinsi kitu kile kinavyoshuka kutoka juu, ngazi kwa ngazi, kama maji yanayovuja kutoka chumba cha bafu mpaka sebuleni kwa jirani wa chini. Nikimwambia mtu vaa barakoa, ananijibu maneno mawili: "Hata wao." Nikimwambia jaza saa zako za kweli kwenye karatasi: hata wao. Mwaka huu waziri huyu kajiuzulu, mwaka ujao yule kanaswa, na kila mmoja akianguka nasikia tena kule chini, kwenye stoo ya mifagio, hata wao. Serikali haikuanguka. Kilichoanguka ni ile sauti ndogo ndani ya mtu inayomwambia fanya sawa ingawa hakuna anayekutazama.

Niliandika sana hapa kuhusu wale watu. Mlinipongeza. Mlisema naandika kwa uchungu wa kweli.

Sasa lile ambalo sijawahi kuliandika.

Wiki mbili baada ya mazishi, kabla kashfa haijatoka, nilikuwa napanga makaratasi ya marehemu. Nikakuta ile karatasi ya maelekezo tuliyopewa na watu wa mazishi. Niliisoma upya, polepole, kama ninavyosoma mkataba. Waliokuwa pale kikazi hawahesabiwi. Wabebaji jeneza hawahesabiwi. Mchungaji hahesabiwi.

Mchungaji hahesabiwi.

Tulikuwa ishirini na tisa mle ndani. Mimi, ninayejisifu kwamba naweza kukadiria sabuni ya shule nzima kwa kutazama sakafu, nilihesabu vibaya watu thelathini. Mkawasi hakuwa wa thelathini na moja. Mkawasi alikuwa wa thelathini. Kiti kimoja kilikuwa wazi, nilikiona, kilikuwa karibu na dirisha.

Niliikunja karatasi nikaiweka ndani ya Biblia. Nikanyamaza. Na habari za wakubwa zilipotoka, Mungu anisamehe, kuna sehemu ndani yangu ilishusha pumzi. Nilipata pa kuitua ile aibu. Wao ndio waliomfungia wifi nje, si mimi. Nimewachukia miaka mitano, na nilikuwa na haki ya kuwachukia, na bado ninayo. Lakini robo ya chuki ile haikuwa yao. Ilikuwa yangu.

Basi.

Mtu aliyenitoa kwenye droo ya menyu za pizza ni Mzee Jayanti. Ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Kenton, sasa amestaafu na husimamia kituo cha kura kwenye ukumbi ambao kampuni yangu husafisha. Kiswahili chake ni kile cha dukani, na hukizungumza kwa raha kama mtu anayekula njugu. Mwezi wa pili alinikuta ukumbini nikimwaga malalamiko yangu ya kawaida kuhusu wanasiasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mama, wewe kelele mingi sana. Kuja ukae kwa meza siku moja, uone na macho yako. Halafu ndio ulalamike na adabu."

Nilijaza fomu usiku uleule kwa hasira tu. Wakanichukua, wakanipa mafunzo.

Jana saa moja asubuhi tukafungua. Tulikuwa watatu: Mzee Jayanti msimamizi, mimi, na binti mmoja mwanafunzi aliyekuwa anapiga mihayo kwa zamu na mimi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kitambulisho, kutafuta jina, kusoma namba kwa sauti. Ndani ya vibanda vya kupigia kura kuna penseli zimefungwa kwa uzi. Penseli! Mimi wa Taita nilipoona penseli miaka ile ya kwanza nilidhani ni mzaha. Kura ya penseli si ni kura ya kufutwa?

Sikuwa peke yangu. Nilianza kuhesabu, kichwani tu, maana ndivyo nilivyo. Katika watu mia wa kwanza, kumi na tisa walichomoa kalamu yao ya wino mfukoni kabla ya kuingia kibandani. Bibi mmoja mwenye mbwa aliinyanyua kabisa nikaiona, kama anayeonyesha silaha. Inaruhusiwa, hakuna tatizo. Lakini nilijisemea, hii ndiyo hesabu yenyewe. Hakuna haja ya profesa kuja kutuambia watu wanaiamini serikali kiasi gani. Hesabu kalamu.

Mzee Jayanti aliniona nikitazama. "Penseli haikauki," akaninong'oneza. "Wino ikiwa mbichi, ukikunja karatasi inachafua upande ingine. Ni hiyo tu, mama. Hakuna siri."

Saa nne na robo mlango ulikuwa na foleni ya watu sita, miavuli inachuruzika sakafuni, na mimi kichwani nahesabu mara ambazo sakafu ile itahitaji kupigwa deki. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa diwani. Sitamtaja. Uso wake ulikuwa kwenye karatasi zilizoingizwa mlangoni kwangu mara nne, na jana ulikuwa mbele yangu, una tabasamu lilelile. Alitaja jina na anwani. Nikamwomba kitambulisho chenye picha.

Akapapasa mifuko. Koti, suruali, koti tena. Akacheka. Akasema pochi imebaki nyumbani, lakini anadhani tunamjua hapa. Akaonyesha kwa kichwa ule ukuta wa nje, ambako kwenye uzio wa jirani kulikuwa na bango lenye sura yake, kubwa kuliko mlango.

Nilimtazama Mzee Jayanti. Kwa miaka mitano nilikuwa nimejiandaa kwa dakika ile bila kujua. Nilikuwa na hakika ya asilimia mia: sasa atasema, aah, karibu mheshimiwa.

Mzee Jayanti aliinuka polepole, magoti yake hayamtii, akamwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba anasikitika sana, picha inayotakiwa ni ile iliyo kwenye kitambulisho, na mlango uko wazi hadi usiku. Diwani akatabasamu tena, safari hii bila meno. Akageuka, akatoka kwenye mvua.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisogea hatua moja mbele, kama kawaida ya foleni. Mimi nilitaka kusimama juu ya meza.

Na foleni iliposogea, wa tatu ndani yake alikuwa Mkawasi.

Sikujua hata kama ameandikishwa. Baadaye ndio nikajua: binti yangu Mghoi ndiye aliyemwandikisha shangazi yake kwa simu, kimyakimya, maana sisi tuliotoka nchi za Jumuiya ya Madola tunaruhusiwa kupiga kura hapa hata kama pasipoti yetu ni ya kwetu. Wifi amekonda kidogo. Ana mvi mbele, na ana umri wa miaka sitini na saba. Alivaa koti lilelile.

Alifika mezani.

"Habari ya asubuhi, madam," akasema.

Madam. Mimi niliyelala kitanda kimoja naye wiki ya kwanza nilipofika London.

Akataja jina lake na anwani yake, namba ya nyumba, kila kitu, kama vile simjui. Akavua kadi ya kazi iliyokuwa ikining'inia shingoni, yenye picha yake na jina la nyumba ya wazee, akaiweka mbele yangu. Pasipoti, akasema, iko ubalozini inafanyiwa upya.

Kadi ya kazi haimo kwenye orodha. Ninaijua orodha ile kama namba ya simu ya mama yangu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Samahani. Hii haikubaliki." Na sauti iliyosema ilikuwa ileile. Ya mlangoni. Ya sheria ni sheria.

Mkawasi akachukua kadi yake, akaivaa shingoni, akasema kwa upole ulionichoma kuliko matusi, "Nimezoea."

Akatoka.

Niliandika kwenye fomu ya waliorudishwa. Katika namba yake, ile saba niliyoiandika ilionekana kama moja. Mzee Jayanti akainama begani kwangu. Hakuuliza yule ni nani. Nadhani uso wangu ulimwambia.

"Huyu mama ni mzee," akasema. "Umemuuliza kama ana kadi ya basi? Ya wazee?"

Kadi ya basi ya wazee ina picha. Kadi ya basi ya wazee iko kwenye orodha, mstari wa juu kabisa, niliisoma mara ishirini kwenye mafunzo. Mkawasi hapandi basi bila kadi ile. Ilikuwa mkobani mwake muda wote, sentimita thelathini kutoka mkononi mwangu, na sikumuuliza.

Mara ya pili. Mtu yuleyule, mlango mwingine, na mimi tena nimeshika nusu ya sheria nikidhani ninayo nzima.

"Kimbia," akasema Mzee Jayanti. "Mimi nitakaa kwa kiti yako."

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, kadi ya karani inarukaruka kifuani, viatu vya bapa kwenye madimbwi. Nilimkuta kituo cha basi, amekaa chini ya kibanda, anatazama njia. Nikasimama mbele yake nikihema kama mbuzi wa mnada.

"Wifi. Kadi ya basi. Kadi yako ya basi inatosha. Ni kosa langu, sikukuuliza."

Akanitazama viatu, akanitazama uso. "Yule bwana wa kwenye mabango," akasema. "Mmemrudisha kweli, au mlikuwa mnatuigizia?"

"Tumemrudisha kweli."

"Bila hata kumpa chai?"

"Bila chai."

Akatikisa kichwa, nikaona pembe ya mdomo inataka kucheka, ikajizuia. Akaanza kuinuka. Ningeweza kuishia pale. Mambo yalikuwa yameanza kulainika, mtu mwenye busara angenyamaza. Lakini nilikuwa nimetoka tu kumwona mzee wa miaka sabini na kitu, magoti mabovu, akimwambia mtu mkubwa hapana bila kupepesa macho. Nikajua nisiposema sasa, mimi na wale ninaowaandika hapa kila siku tuna tofauti ya cheo tu.

Nikamwambia. Karatasi, mchungaji, ishirini na tisa, kiti kilichokuwa dirishani. Nilimwambia, "Ulikuwa wa thelathini, wifi. Nafasi ilikuwepo. Mimi ndiye niliyehesabu vibaya."

Basi lilikuja. Likafungua milango. Dereva akatungojea, sisi hatukumwangalia, akafunga, akaenda.

"Ulijua lini?"

"Wiki mbili baada ya mazishi."

"Na ukanyamaza miaka mitano."

"Ndiyo."

"Ukaandika huko kwenye mtandao wako kuhusu wakubwa waongo."

"Ndiyo." Kumbe alikuwa akisoma. Muda wote alikuwa akisoma.

Mvua ilikuwa inapiga juu ya kibanda. Aliufungua mkoba, akatafuta kitu ndani, nikadhani ni leso. Ilikuwa kadi ya basi. Akaifuta kwa kidole gumba.

"Mama Mghoi," akasema, "na wewe ungefaa kuwa waziri."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya vyote. Yeye hakulia. Aliniambia kwamba kosa la hesabu angelisamehe palepale, siku ileile, kwa sababu nilikuwa mjane wa siku tisa na sikuwa nimelala. Kilichomla ni kwamba kila aliponiona kwa mbali sokoni niligeuza kigari changu upande mwingine. Alidhani ninaona haya kwa sababu ya sheria ya watu. Hakujua ninaona haya kwa sababu yangu mwenyewe. "Ungeniambia, ningekasirika wiki moja," akasema. "Mwezi. Ningepata pa kumalizia."

Alinishika mkono tukarudi. Nilikuwa nimetoka dakika kumi na moja, niliangalia saa ya ukutani.

Mlangoni tulimkuta diwani naye anafika, amelowa, nywele zimemlalia kwenye paji la uso, pasipoti mkononi. Alitaka kupita. Mkawasi hakusogea, na hakukuwa na mtu wa kumwambia asogee. Diwani akasimama nyuma yake, akangoja. Wifi yangu alichukua muda wake. Alitaja jina na anwani kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi. Nikaitazama kadi, nikamtazama usoni, picha ilikuwa yake, nikamsomea namba, akapewa karatasi. Alimchagua nani sijui, wala sitamuuliza.

Alitumia penseli. Hiyo naijua, maana kalamu yake alikuwa ameiacha juu ya meza yangu.

Alipotumbukiza karatasi kwenye sanduku akarudi mezani, akanyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakishika hewani, anangoja.

Binti mwanafunzi alimtazama kama mtu anayeumwa. Mimi nilielewa, na Mzee Jayanti alielewa, tukatazamana. Kwetu ukishapiga kura unapakwa wino kidoleni, usirudie, na watu wote mtaani waone umepiga. Wino ule hukaa wiki nzima. Mkawasi mara ya mwisho kupiga kura alikuwa kijana, na kidole chake kilikuwa bado kinakumbuka.

"Hapa hakuna wino, mama," Mzee Jayanti akamwambia kwa Kiswahili. "Hapa tunaamini tu."

"Mnaamini tu?" Wifi akamgeukia, mkono bado uko hewani. "Pamoja na yote haya?"

"Pamoja na yote haya," akasema mzee. "Kila wakati lazima mtu moja aanze."

Nimelala na maneno yale, nimeamka nayo. Nimekuwa nikingoja miaka mitano wale wa juu wawe waaminifu kwanza ili na mimi nirudishe imani yangu, kama mtu aliyekalia mkopo wa jirani. Sikuona kwamba imani ninayoitafuta haikai huko juu. Imekaa kwenye meza ya kukunja, kwenye ukumbi unaonuka sabuni yangu, na mzee wa Kisumu asiyemwogopa mtu wa kwenye bango. Wale wa juu wataanguka tena. Pengine wiki ijayo. Na nitawaandika tena hapa, bila huruma, msiwe na wasiwasi. Lakini sitasema tena "hata wao". Nimeyatumia vibaya maneno hayo.

Leo ninashukuru. Ninashukuru kwa magoti mabovu yaliyoinuka. Ninashukuru kwa kadi ya basi. Ninashukuru kwa binti anayenijibu kwa Kiingereza kila siku lakini akamwandikisha shangazi yake bila kuniuliza. Ninashukuru kwa mwanamke aliyenisoma miaka mitano akingoja niandike sentensi moja.

Jana, kituo kikiwa na utulivu kidogo, nilimsindikiza wifi mpaka mlangoni. Nilitoa kalamu yake, ile aliyoisahau mezani, nikakishika kidole chake kidogo nikapaka kucha wino wa bluu, taratibu, mpaka kwenye ngozi. Hakuniambia niache. Alikitazama, akakipuliza kikauke.

"Jumapili," akasema, "utanipeleka kwa ndugu yangu. Kuna neno langu sijalisema."

"Saa ngapi, wifi?"

"Nitakapofika," akasema. "Na usithubutu kuhesabu watu."

Tutakuwa wawili. Ndiyo, nimehesabu. Kuna mambo hayabadiliki kwa siku moja. Maji ya beseni yamepoa, wacha nikatafute viatu vya kuingia makaburini.